Gari Likikataa Kupunguza Mwendo

Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina gari, kapeti ya mpira na jioni moja katika mji wa Santee, karibu na San Diego, jimbo la California, Marekani. Ilikuwa tarehe 28 Agosti 2009.

Dereva alikuwa askari wa polisi wa barabara kuu, mtu mzima wa miaka 45, ambaye barabara ndiyo iliyokuwa ofisi yake. Siku hiyo hakuwa kazini. Gari la familia lilikuwa limepelekwa kufanyiwa matengenezo kwa muuzaji wa magari, na muuzaji akamwazima jingine alitumie kwa muda: Lexus ES 350, gari la kampuni ya Toyota, otomatiki, la kuwashwa kwa kitufe. Ndani walikuwa wanne, yeye, mkewe, binti yao wa miaka 13 na shemeji yake.

Wakiwa kwenye barabara namba 125, gari likashika mbio na halikutaka kupunguza. Shemeji akapiga simu ya dharura, akaeleza kwamba pedeli ya mafuta imekwama na breki hazishiki, na kwamba makutano yanakaribia. Barabara ile, jamani, ilikuwa inaishia pale kwenye makutano. Walifika wakiwa na mwendo wa zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Gari liligonga jingine, likatoka nje ya barabara, likaangukia kwenye bonde la mto na kuwaka moto. Wote wanne walifariki.

Mngedhani hadithi imeishia hapo. Lakini wachunguzi walipoanza kuuliza maswali, akajitokeza mtu mwingine. Naye alikuwa ameazimwa gari hilohilo siku chache tu kabla. Alikuwa anaingia barabara kuu, akakanyaga mafuta, na alipoondoa mguu gari likaendelea kukimbia kana kwamba bado amekanyaga. Alibana breki kwa nguvu, akafaulu kulipeleka pembeni, akaweka gia nyutro. Injini ilikuwa bado inapiga kelele. Alipoinama akaona kapeti ya mpira imekwea juu ya pedeli ya mafuta na kuibana sakafuni. Akaitoa, safari ikaendelea. Aliporudisha gari alimweleza mhudumu wa mapokezi. Gari likatolewa kwa mteja mwingine, na kapeti ikabaki ndani yake.

Kapeti yenyewe ilikuwa nzima. Kosa lake ni kwamba ilikatwa kwa ajili ya gari la aina nyingine, kubwa zaidi, kwa hiyo haikukaa sawa chini ya miguu ya dereva.

Gari lilikuwa moja, na kapeti ilikuwa moja. Siwalinganishi madereva wale wawili ili tumsimange marehemu. Aliyekuwa kwenye kasi ile na familia yake ndani ndiye pekee aliyejua alichokiona. Ninachotaka ni tufungue boneti, tuangalie gari lenyewe linafanya nini likifika hali hiyo, ili siku ikikukuta uwe umeshajua cha kufanya kabla hofu haijaingia.

Tuanze na injini. Injini ya petroli hula vitu viwili, mafuta na hewa. Pale hewa inapoingilia kuna kilango kidogo cha duara. Ukikanyaga pedeli, kilango hufunguka, hewa nyingi huingia, kompyuta huongeza mafuta ya kuendana nayo, na gari huenda. Ukiachia, springi huirudisha pedeli juu na kilango hujifunga. Kapeti ikiishikilia pedeli chini, basi kilango hubaki wazi. Injini haina namna ya kujua kwamba aliyekanyaga ni kapeti na si mguu wa mtu. Hutii tu.

Sasa njoo kwenye breki, kwa sababu hapa ndipo penye utamu wa jambo hili, na ndipo watu wazima wengi, hata wenye leseni ya miaka ishirini, hawajui kinachoendelea.

Mguu wa mtu peke yake hauna nguvu ya kulisimamisha gari la tani moja na nusu kwa urahisi. Kwa hiyo nyuma ya pedeli ya breki, upande wa injini, kuna dude jeusi la mviringo ambalo mafundi huliita busta. Kutoka kwenye busta kuna mpira, yaani bomba laini, unaokwenda hadi kwenye injini. Injini ikiwa inazunguka taratibu na kile kilango cha hewa kimefungwa, hujaribu kuvuta hewa na kuikosa, hivyo huinyonya kutoka kwenye busta, kama wewe unavyonyonya soda kwa mrija hadi chupa ikauke. Ndani ya busta hubaki ombwe, na ombwe hilo ndilo linalousaidia mguu wako kuibana breki.

Umeona shida ilipo? Kilango kikiwa wazi kabisa, injini inapata hewa yote inayoitaka. Haina sababu ya kuinyonya busta. Ombwe lililobaki ni akiba tu, na akiba hiyo inatosha kukanyaga breki mara moja, pengine mara mbili au tatu. Dereva akikanyaga na kuachia, akakanyaga tena na kuachia, kila anapoachia anaimaliza. Baada ya hapo pedeli inakuwa ngumu kama imejaa jiwe, na mtu huapa kwamba breki zimekufa. Hazijafa. Zimekosa msaidizi.

Jambo hili mnaweza kuliona kwa macho, tena gari likiwa limesimama nyumbani. Mwombeni mwenye gari mwenyewe akae kwenye kiti, gari likiwa sehemu tambarare, gia iko P, breki ya mkono imevutwa, injini imezimwa. Akanyage breki mara nne au tano. Mara ya kwanza pedeli inashuka vizuri. Inapofika ya nne imegoma. Akiwa bado ameikanyaga, awashe injini. Pedeli itazama kidogo chini ya mguu wake, yenyewe. Hapo injini imeanza kunyonya na busta imeamka. Mafundi hulitumia jaribio hilohilo kupima busta. Magari ya haibridi kama Prius yana mfumo mwingine wa breki unaotumia umeme, kwa hiyo msishangae jaribio likikataa huko.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza: breki ikanyagwe mara moja, kwa nguvu zote, kwa miguu yote miwili ikibidi, na isiachiwe hadi gari lisimame. Je, breki zinaweza kuishinda injini iliyofunguliwa hadi mwisho? Zinaweza. Baada ya ajali ile, jarida la Marekani la Car and Driver lilijaribu Toyota Camry yenye injini kubwa ya V6. Wakiwa kwenye mwendo wa maili 70 kwa saa, sawa na kilomita 113 hivi, huku mafuta yamekanyagwa hadi chini, walibana breki na gari likasimama ndani ya futi 190, karibu mita 58. Bila kukanyaga mafuta lilihitaji futi 174, karibu mita 53. Tofauti ni mita tano.

Lakini jaribio hilo lilifanywa na watu waliojua kinachokuja, kwa breki za baridi, na walizibana mara moja tu. Breki zikisuguliwa kwa muda mrefu huku injini inasukuma, hupata moto sana na kupoteza uwezo wa kushika. Wachunguzi wa Santee walikuta breki za lile Lexus zimeungua vibaya. Maana yake dereva alizitumia, tena kwa muda. Hakukaa tu akitazama.

Ndiyo maana breki peke yake haitoshi, na inafuata nyutro. Wengine huiita frii. Ni ile herufi N, kati ya R na D. Ukiweka N, unaitenganisha injini na magurudumu. Injini inaweza kupiga kelele hadi majirani watoke nje, lakini haisukumi gari tena. Breki sasa inapambana na gari linaloserereka tu, kazi ambayo imeizoea kila siku.

Kwenye magari mengi ya otomatiki yenye mkono wa gia wa kawaida, kutoka D kwenda N ni kuusukuma mkono mbele hatua moja, hata bila kubonyeza kile kidude cha pembeni. Kwenye Prius na jamaa zake, mkono wa gia ni mfupi. Husukumwa upande wa N na kushikiliwa kidogo, si kugusa na kuachia. Na ile kelele? Ndiyo inayowatisha madereva wakairudisha gia D, wakidhani wameharibu kitu. Acha ipige kelele. Magari ya kisasa yana kikomo kinachokata mafuta injini ikizidisha mizunguko. Na hata ikiharibika, injini zinauzwa.

Tukifika kwenye kitufe, ambacho ndicho kilichowafanya watu wengi waizungumzie ajali ile, naomba msinitangulie. Najua mnachofikiri: si abonyeze tu gari lizime?

Kwenye magari ya zamani ufunguo ulikuwa unakata umeme wa injini moja kwa moja. Ukiuzungusha kurudi nyuma, injini inakufa, hakuna mjadala. Kitufe hakikati chochote. Kinapeleka ombi kwenye kompyuta, na kompyuta ndiyo inayoamua. Gari likiwa limesimama, mguso mmoja unatosha. Gari likiwa mwendoni, kompyuta hulipuuza ombi la mguso mmoja, na imepangiwa hivyo makusudi. Kiwiko cha abiria kinaweza kugusa kitufe. Mtoto wa miaka minne aliyepakatwa mbele, mahali asipotakiwa kukaa, anaweza kukigusa pia. Hakuna anayetaka gari lizimike katikati ya barabara kuu kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo kompyuta inataka uthibitisho. Kwa lile Lexus, ilibidi kitufe kishikiliwe sekunde tatu. Sekunde tatu ni kitu gani? Ukiwa sebuleni si kitu. Kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa gari linapita zaidi ya mita 130 kabla hujaruhusiwa kuachia kidole. Na mtu aliyeshikwa na hofu hashikilii kitufe, anakibonyeza-bonyeza. Magari mengi ya Toyota yaliyokuja baadaye yanakubali njia mbili: kushikilia kwa sekunde mbili au tatu, au kubonyeza haraka mara tatu au zaidi. Watengenezaji wengine wana taratibu zao, na jibu la gari lako limo kwenye kitabu chake. Kwa maoni yangu maelezo hayo yangebandikwa pembeni ya kitufe chenyewe, kwa herufi kubwa, badala ya kufichwa ukurasa wa mia mbili na kitu.

Hapa kwetu kitabu hicho ni hadithi nyingine. Harrier, Mark X, Crown na Vanguard zinazojaa barabara za Dar es Salaam na Nairobi nyingi zilikuja mitumba kutoka Japani, na kitabu kikiwepo kwenye kasha la mbele kimeandikwa Kijapani. Mwenye gari hukifungua mara moja, akaona zile herufi, akakifunga.

Kitufe kije lini basi? Mwisho, gari likishasimama. Kikitangulia, injini ikazima mwendoni, usukani unakuwa mzito na breki inabaki na ile akiba tu ya ombwe. Usukani haufungi, magari ya kitufe yametengenezwa usifunge gari likiwa linatembea, lakini utahitaji mikono ya nguvu. Kitufe kinatangulia katika hali moja pekee, pale gia inapokataa kuingia N. Hapo dereva akishikilie kwa nguvu, ahesabu kwa sauti, huku mguu umebana breki na mkono mwingine umeshika usukani.

Wale wa magari ya ufunguo nao wasijione wamepona. Ufunguo urudishwe hatua moja tu, ile ya kuzima injini. Ukirudishwa hadi mwisho na kuchomolewa, usukani unaweza kujifunga, na gari lenye usukani uliofungwa linakwenda linakotaka.

Yapo mengine ambayo mtu huyafanya kwa hofu. Kuvuta breki ya mkono ghafla kwa mwendo mkali: magurudumu ya nyuma yanakwama na gari linazunguka. Kuweka P: ndani ya giaboksi P ni kijino kidogo cha chuma, hakiwezi kulizuia gari linalokimbia. Kuinama kuitoa kapeti kwa mkono: huwezi kuitazama sakafu na barabara kwa wakati mmoja. Kama mguu unaweza kuiinua pedeli kwa kidole kutoka chini, sawa, lakini macho yabaki mbele.

Kuna jambo ambalo watu wazima hawapendi kulisikia. Mara nyingi gari likirukia ukuta kwenye maegesho, si kapeti wala kompyuta. Dereva amekanyaga mafuta akidhani ni breki, na kadiri anavyoogopa ndivyo anavyozidi kukanyaga. Baada ya Santee watu wengi Marekani waliamini kompyuta za Toyota zina wazimu. Serikali ikawaita wahandisi wa NASA, wale wa vyombo vya anga, wakachunguza kwa miezi kumi. Ripoti ilitolewa Februari 2011: hawakupata hitilafu ya kielektroniki iliyoweza kuleta mbio zile za hatari. Walichokuta kimethibitika ni vitu vya kushikika kwa mkono, kapeti zinazobana na pedeli zinazonata.

Hilo halikuisafisha kampuni. Mwezi mmoja tu baada ya ajali, Septemba 2009, Toyota iliwaambia wenye magari takriban milioni 3.8 Marekani watoe kapeti upande wa dereva, na baadaye ikaanza kukata pedeli ziwe fupi ili zisinaswe. Mwaka 2014 ilikubali kulipa dola bilioni 1.2 kwa serikali ya Marekani kwa kuwapotosha wateja juu ya hatari hizo. Mabadiliko yaliyobaki hadi leo ni ya kompyuta: magari mapya mengi yamepewa amri kwamba pedeli mbili zikikanyagwa pamoja, breki ndiyo isikilizwe. Magari ya umri wa yale tunayoagiza mitumba, mengi hayana amri hiyo.

Sasa ninyi watoto, ambao hamna leseni na wengine hamfikii hata pedeli, kazi yenu ni ipi? Abiria ana kitu ambacho dereva amekipoteza wakati huo: nafasi ya kufikiri. Ukiwa kwenye gari na ukasikia injini inanguruma, ukaona dereva anahangaika na miguu, usishike usukani, usivute chochote. Tumia sauti. "Mjomba, bana breki usiachie! Weka nyutro!" Nimelelewa kama ninyi, najua mtoto hamwamrishi mkubwa. Siku hiyo mwamrishe. Shikamoo zitafuata mkishashuka.

Gari likisimama, dereva aweke P, avute breki ya mkono, azime kwa kitufe na awashe taa za hazadi. Mshuke upande usio na magari, mkae mbali na barabara. Gari lisiwashwe tena ili "kuona kama limepona". Likokotwe, fundi alitazame.

Kapeti ndiyo kazi ya leo jioni. Nyingi tunazonunua kwa wamachinga kwenye foleni hazikukatwa kwa ajili ya gari lolote hasa. Zinauzwa kwa rangi. Halafu tunaitandika mpya juu ya ya zamani, ili ya chini isichafuke. Gari likiwa limezimwa, mwombe mwenye gari akufungulie mlango wa dereva. Sukuma kapeti kwa mkono kuelekea mbele. Ikiteleza hadi kuigusa pedeli ya mafuta, haifai. Tafuta klipu mbili sakafuni ambazo gari lilikuja nazo, uone kama kapeti imefungwa hapo au klipu zimezibwa na vumbi. Kisha mwombe akuonyeshe N ilipo na akuambie kitufe cha gari lake kinashikiliwa sekunde ngapi. Asipojua, mwambie atafute jibu kabla ya safari ya kesho. Na kama kapeti za dereva ziko mbili, moja juu ya nyingine, iondoeni ya juu leoleo.